Mlinzi wa Kilolwa ni Yule Aliyekamatwa

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi naipenda Serikali. Mimi ni karani wa mikutano ya kijiji, kalamu ninayoandikia ni yake, na haya yote nayaeleza kwa nia ya kuisifu. Kama mahali fulani sifa zitaonekana zimepinda, msomaji ajue zimepinda zenyewe.

Nchi yetu ina wizara nyingi kuliko mito. Ipo Wizara ya Maji Yanayotembea na ipo Wizara ya Maji Yaliyotuama, na mvua ikinyesha hukaa kwanza kamati ya kuamua maji hayo ni ya nani. Bonde letu la Kilolwa limezisumbua zote mbili kwa muda mrefu. Masika mto hupanda na kulifunika mpaka magotini. Kiangazi hurudi zake na kuacha majani mabichi ambayo hayapatikani pengine popote upande huu wa nchi. Majani hayo ndiyo yanayotuvusha. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza, ng'ombe wa vijiji vinne hula hapo, watoto hupata maziwa, na hakuna anayehama.

Sharti ni moja. Tangu maji yapande hadi mbegu za majani zidondoke na korongo taji watembeze makinda yao, haiingii kwato wala mundu. Kila nyumba hutoa mtu siku moja kwa mwezi kuzibua mfereji, kung'oa magugu maji na kuziba kingo kwa viroba vya udongo. Hakuna anayepewa cheo kwa kazi hiyo, na labda ndiyo sababu hufanyika.

Sasa kuhusu mlinzi. Kwetu mlinzi hachaguliwi wala hateuliwi. Mlinzi ni yule aliyekamatwa mara ya mwisho. Ukiingiza mnyama wako bondeni wakati usioruhusiwa, mlinzi humfunga fundo la majani kwenye pembe ya kulia na kumtoa. Tangu hapo mnyama huyo hakamuliwi, hauzwi, wala mtu mwingine hagusi kamba yake, mpaka mwenye mali aje mwenyewe kulifungua fundo mbele ya watu, apokee fimbo ya ulinzi, na aape. Akishaapa, yeye ndiye mlinzi, na haruhusiwi kulala nje ya Kilolwa mpaka amkamate mwingine. Utaratibu huu una akili yake. Aliyeiba anazijua njia za kuingilia, na anayetaka kuondoka halali kazini.

Wageni husema ni ajabu kumpa mwizi ulinzi. Mimi sioni ajabu. Serikalini utaratibu huo upo miaka mingi, isipokuwa kule hawasubiri mtu akamatwe kwanza.

*

Wakati wa habari hii mlinzi alikuwa Siwema, mjane wa makamo, ambaye sote tunamwita Mama Zamda kwa jina la binti yake. Alikamatwa miaka minne nyuma, saa saba mchana, watu wote wakiwa mazikoni. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyeitwa Kura kwa sababu alizaliwa siku ya uchaguzi. Alipokutwa naye katikati ya majani alisema Kura alikuwa anakwenda kutoa pole kwa wafiwa, akapotea njia. Baraza lilicheka sana, kisha likampa fimbo.

Halafu likaja tatizo ambalo waliotunga utaratibu huu hawakulifikiria. Mama Zamda alikuwa hodari mno. Alizijua njia tano za kuingilia, na ya sita aliigundua akiwa kazini. Alimtambua kila mbuzi kwa mlio. Mwaka wa kwanza watu walijaribu mara mbili, wakageuza wenyewe kabla ya kufika. Mwaka wa pili hakujaribu mtu. Kadiri alivyolinda vizuri ndivyo tulivyozidi kuwa waaminifu, na kadiri tulivyozidi kuwa waaminifu ndivyo yeye alivyozidi kukwama.

Na Zamda alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili, akajifungua mtoto wa kiume. Bibi mtu aliambiwa kwa simu kwamba mtoto ameota meno. Akaambiwa amesimama. Akaambiwa sasa anakimbia, na akiulizwa bibi yake yuko wapi, huonyesha simu kwa kidole. Siku aliyoambiwa hilo alikuja kwangu kuuliza kama kuna mtu yeyote kijijini, hata kwa bahati mbaya, anayefikiria kuiba. Nilimwonea huruma sana. Nikamjibu kwamba sijasikia.

Jirani yake Mashaka, fundi baiskeli, hakuvumilia. Aliazima mbuzi, akamwingiza bondeni asubuhi kweupe, akasimama naye akipiga mluzi mpaka akakamatwa. Baraza lilikaa saa tatu nzima. Ikabainika kwamba Mashaka alikuwa ameutangaza wizi huo siku mbili kabla, pale kwa muuza chai, na kwamba mbuzi mwenyewe hakula hata jani moja. Baraza likaamua kwamba fimbo haipokelewi kwa hisani, na Mashaka akapewa siku mbili za kuzibua mfereji kwa kosa la kutoiba.

"Nimejitahidi, Mama Zamda," alisema, akiwa kwenye tope mpaka kiunoni.

"Nimeona, baba. Huna mkono wa wizi, ndivyo ulivyoumbwa."

*

Mwezi wa Machi Mheshimiwa Rais alikwenda kwenye mkutano wa nje na kurudi na maneno mawili: uhifadhi shirikishi. Kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kuingia nchini, ikabidi itafutwe jamii ya kushirikishwa. Tukapatikana sisi.

Akatumwa Bwana Limbu, Afisa Ushirikishwaji, kijana mtaratibu mwenye begi la fomu. Alifungua ofisi kwenye jengo la zamani la ghala la pamba, akapanda maua mbele yake, akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimekuja kuwashirikisha katika uamuzi uliokwisha kufikiwa. Maoni yenu ni muhimu sana kwa Serikali, na ndiyo maana tumeyaandika mapema."

Akatusomea maoni yetu. Tulikuwa tumefurahi. Tulikuwa tumepokea kwa mikono miwili. Mama mmoja aliuliza kwa adabu kama tulisema lolote kuhusu zahanati. Limbu akapekua kurasa zote, akasikitika, akasema hatukusema.

Kisha akaomba kuonana na mlinzi, na Mama Zamda akasogea mbele.

"Shikamoo, mama. Sifa zako za kazi?"

"Marahaba. Niliiba."

"Nauliza sifa, mama. Kitu kilichofanya upewe kazi."

"Ndicho hicho. Nisingeiba wasingenipa."

Limbu aliitazama fomu mbele na nyuma. Jibu lile halikuwa na nafasi yake.

"Cheti cha polisi cha tabia njema unacho?"

"Nikiwa nacho hicho, mwanangu, si nitakuwa sifai?"

Watu walicheka, naye Limbu akacheka kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Lakini fomu haichekeshwi. Alimweleza Mama Zamda kwamba kuanzia siku hiyo amestaafishwa kwa manufaa ya bonde, na ataletwa mlinzi mwenye sifa. Yakafuata makabidhiano. Karatasi ilikuwa na mstari wa sare, mstari wa viatu, wa filimbi na wa darubini. Mama Zamda hakuwa na kimojawapo. Limbu akaandika "hakuna" mara nne, akagonga muhuri. Fimbo aliyokuwa ameiegemea muda wote huo haikuwa na mstari, kwa hiyo haikuonekana.

*

Mlinzi mwenye sifa aliitwa Amoni. Alikuwa na hati sita zinazothibitisha kwamba hajawahi kufanya lolote. Alipewa sare, viatu virefu vya mpira, filimbi, darubini na kiti, akajengewa na geti zuri la chuma. Uzio haukuwamo katika awamu ya kwanza, basi geti likasimama peke yake kwenye majani, na Amoni akalifungua kila siku saa mbili asubuhi na kulifunga saa tisa na nusu alasiri kwa uaminifu mkubwa. Juu yake pakawekwa bango: HIFADHI SHIRIKISHI. WANANCHI HAWARUHUSIWI KUINGIA.

Siku hiyohiyo kingo zikaacha kuzibwa na mfereji ukaacha kuzibuliwa, maana wanaofanya kazi hizo ni wananchi.

Mama Zamda alifunga kikapu chake. Nani angemlaumu? Miaka minne aliililia safari ile, na sasa Serikali yenyewe ilikuwa imemwachia. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa tunasubiri gari akageuka, akamwona Amoni amekaa kwenye kiti chake, ameelekeza darubini kwenye geti, huku njia zote sita zikiwa nyuma ya mgongo wake. Akamtazama muda mrefu. Gari likaja, likapiga honi, likaondoka.

"Mbona hukupanda?" nikamuuliza.

"Nimefukuzwa tu, sijamaliza," akasema. "Nitamwambia nini mjukuu wangu, kwamba nimekuja na nyuma yangu nimeacha wazi?" Akanyanyua kikapu, akarudi nyumbani kwake, na nilijua usiku ule atalia, maana hata mimi nilikuwa karibu.

*

Wiki ya pili ya Mei, maji yakiwa bado miguuni na korongo wamelalia mayai, waliingia ng'ombe arobaini. Hawakuwa wa kwetu. Walikuwa wanene, wenye vibandiko vya njano masikioni, na mbele yao alitembea fahali mweupe mwenye nundu kubwa. Mchungaji wao, mtu mzima mpole aitwaye Masanilo, alikuwa na barua.

Amoni akaisoma. Ilisema kwamba ng'ombe hawa wako katika utafiti wa majani, wasibughudhiwe, na ilitiwa saini na Mheshimiwa Gaspari Ndomba, Waziri wa Maji Yaliyotuama. Haikusema kwamba ng'ombe ni wake. Hilo alituambia Masanilo, ambaye hakujua kama ni siri. Mheshimiwa alikuwa akijiandalia uzee, na hata siku moja hakuwahi kuwaona. Aliwasaini tu.

Amoni aliirudisha barua kwa mikono miwili, akawafungulia geti, ingawa wangeweza kupita pembeni, akasimama wima na kumpigia fahali saluti.

Ndani ya siku tatu upande wa mtoni ukawa kama kichwa kilichonyolewa. Nilikwenda kuangalia. Nilikuta ganda la yai ndani ya alama ya kwato, na korongo mama amesimama kando, hapigi kelele, anatazama tu. Niliumia. Nilipiga hesabu ya kichwani nikaona kwamba kwa mwendo ule, Agosti hakutakuwa na kitu, na vijiji vinne vitaanza kufunga mizigo. Nikaandika katika daftari la Serikali: "Utafiti unaendelea vizuri."

Jioni ile tulikusanyika uani kwa Mama Zamda. Aliyeuliza swali la maana alikuwa Mashaka.

"Fimbo iko wapi?"

"Nyuma ya mlango wangu."

"Kuna mtu aliiomba?"

"Hakuna."

"Basi mlinzi unamjua," akasema Mashaka, na baraza likafungwa.

Asubuhi yake Mama Zamda alikunja gauni, akaingia kwa njia ya nne, akamwendea fahali mweupe moja kwa moja. Akamsemesha kidogo, akamkuna shingo, akafunga fundo la majani kwenye pembe ya kulia. Amoni alipuliza filimbi. Haikuwahi kutumika, ikatoa vumbi. Masanilo yeye alivua kofia.

"Mama, nimechunga miaka thelathini," akasema. "Barua naijua, na fundo nalijua. Mwenye fundo simgusi."

Mama Zamda akashika kamba, akamwongoza fahali taratibu mpaka ofisini kwa Limbu, na wale thelathini na tisa wakafuata, kwa kuwa ng'ombe humfuata kiongozi bila kuuliza anakokwenda, na katika hilo hawatofautiani sana na sisi.

*

Kwa siku mbili Ofisi ya Ushirikishwaji haikufunguka. Ng'ombe walikula maua, wakala ua wa mabua, wakala na nusu ya bango la kukaribisha wageni. Limbu alikaa ndani akichungulia dirishani. Kila alipomwomba Masanilo awaondoe, Masanilo alivua kofia. Kumpigia simu Waziri na kumwambia kwamba ng'ombe wake wamekamatwa ilikuwa haiwezekani, maana rasmi Waziri hakuwa na ng'ombe.

Mwishowe akapiga. Nilikuwapo, nikiandika.

"Mheshimiwa, wananchi wa Kilolwa wanakuomba uje upokee fimbo ya ulinzi wa bonde," alisema, jasho likimtiririka. "Ni mila yao, Mheshimiwa. Hapewi mtu mwingine ila wewe. Ndiyo, Mheshimiwa, mbele ya watu wote. Kuna na fahali."

Hakusema uongo hata neno moja, na hapo nikajua kwamba kijana yule atafika mbali.

Jumamosi Mheshimiwa Ndomba alifika na magari tisa na televisheni ya taifa, wakirusha matangazo mubashara. Alihutubia saa moja na nusu. Alisema kwamba maji ni uhai, kwamba majani ni uhai, na kwamba tope, likitazamwa kimkakati, nalo ni uhai. Alisema viongozi wengine hulinda mabonde wakiwa ofisini, lakini yeye bonde hili analilinda moyoni. Tulipiga makofi kila alipovuta pumzi.

Kisha akaletwa fahali mweupe, ameoshwa, anang'aa.

"Ng'ombe huyu ni wangu?" aliuliza Mheshimiwa, akitabasamu kwa kamera.

"Ni wako, Mheshimiwa," tukajibu vijiji vinne kwa pamoja.

"Wangu kabisa?"

"Kabisa. Na wale thelathini na tisa."

Machozi yalimlengalenga. Alisema hajawahi kuona wananchi wakarimu kama sisi. Akaonyeshwa fundo, akalifungua kwa vidole vyake mwenyewe. Mama Zamda akampa fimbo, akamwomba amfuatishe, na Mheshimiwa akainua mkono wa kulia na kurudia kila neno kwa sauti iliyosikika nchi nzima: "Ng'ombe ni wangu. Waliingia kwa mkono wangu. Kuanzia leo mimi ndiye mlinzi, na sitalala nje ya Kilolwa mpaka nimkamate wa kunipokea."

Msomaji asishangae. Viongozi wetu wameapa mara nyingi mno, hata hawasikilizi tena wanachosema.

Akaagana nasi kwa furaha, akapanda gari. Hatukumzuia, tulisimama tu kando ya barabara tukiwa tumevua kofia, kama inavyofanywa kwa mlinzi mpya. Lakini Mheshimiwa Rais naye alikuwa akitazama televisheni wakati wa chakula cha mchana, na katika nchi yetu habari njema humfikia mtu kwa redio. Gari lilikuwa halijafika hata kwenye geti la Amoni, taarifa ikasomwa. Rais ameguswa sana na uzalendo wa Mheshimiwa Ndomba, aliyeapa mbele ya taifa kuacha yote ili aishi na wananchi na kulinda bonde kwa mikono yake. Amemkubalia ombi lake. Anamtakia kila la heri, na nafasi yake amemteua mwingine.

Dereva alizima gari. Akashuka, akakunja bendera vizuri, akamfungulia mlango, akamwomba radhi. Gari lilikuwa la Wizara.

*

Mama Zamda hakumcheka, na alitukataza tusimcheke. Alimpa maji ya kunywa. Alimwambia akunje suruali ya suti, akamzungusha njia zote sita, moja baada ya nyingine, akamwonyesha kingo zilizobomoka na viota vilivyonusurika.

"Hapa usipite, baba. Huyu mwenzio amelalia."

Ndomba alipita mbali, kwa vidole vya miguu, viatu mkononi. Wananchi walikuwa wamekwisha kurudi mferejini na majembe, na Masanilo alikuwa amewaondoa ng'ombe kijijini kwa njia kubwa. Amoni alifunga geti lake kwa mara ya mwisho, kisha akaja kusaidia kubeba viroba, na ilikuwa kazi ya kwanza tuliyomwona akiifanya.

Mama Zamda na Ndomba walipotokea barabarani, lori lilikuwa likisubiri. Mashaka alikuwa amekwisha kupakia kikapu, na kuku wawili wa mjukuu, na baiskeli ndogo aliyoiunda mwenyewe kwa vipande.

"Mama," akasema Ndomba, na ile sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka yote. "Kwani nitakaa hapa mpaka lini?"

"Hilo siwezi kukujibu. Mimi nilikaa miaka minne, kwa sababu niliokuwa nawavizia ni majirani zangu, na ni watu waaminifu. Ndio walioniponza." Akakanyaga ngazi ya lori, akageuka. "Wewe utakuwa unawavizia akina nani?"

Ndomba alifikiri. Alimfikiria, nadhani, Waziri mpya, na Naibu wake, na Katibu Mkuu, na wakurugenzi wote saba, kila mmoja na mifugo yake na barua zake, barua ambazo hakuna mtu nchini aliyezijua kama yeye. Uso ukaanza kumkunjuka.

"Wenzangu wa Wizarani," akasema.

"Ah," akasema Mama Zamda, akakaa vizuri kando ya dereva na kupakata kikapu chake. "Basi hutamaliza mwezi."